Mwanga wa Kutungia Sindano

Bi Pindo hakuwa mwizi, tuelewane tangu mwanzo. Alikuwa fundi cherehani aliyeshona kwa miaka arobaini na mmoja, na jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo akilipinda yeye kwa mkono, uzi huuoni hata uutafute. Alichokuwa akichukua katika nyumba ya mwanawe kilikuwa mwanga tu, tena saa nne mpaka saa sita, wenyewe wakiwa kazini.

Mwanga ulikuwa wa tangi la kioo lenye maji ya bahari. Mke wa mwanawe alikuwa fundi wa matangi ya matumbawe, akizunguka mahotelini na maofisini kuyahudumia. Pale sebuleni alikuwa na tangi lake mwenyewe, na ndani yake tumbawe la zambarau alilolikuza miaka sita, tangu likiwa dogo kama kucha mpaka likawa pana kama sahani. Juu yake ilining'inia taa yenye swichi ya kuzungusha. Siku Bi Pindo aliposogeza kiti pale akaizungusha kidogo, tundu la sindano lilimjia wazi, uzi ukapita mara moja. Nusura apige vigelegele! Alipomaliza, akairudisha swichi kwenye alama yake.

Mbona asiseme? Aseme nini, kwamba macho yanamtupa mkono? Dada yake alisema. Wanawe wakamwondolea mkasi, kisha sindano, kisha kisu cha jikoni, yote kwa huruma tele, wakamkalisha kwenye kochi kama mto. Bi Pindo alimzika dada yule akaapa kwamba cherehani haitatoka mikononi mwake akiwa hai. "Macho yangu ni ya mwewe," alimwambia kila aliyeuliza, na wasiouliza pia.

Mwezi wa tano tangu Bi Pindo ahamie hapo, tumbawe likaanza kupauka. Zilianza ncha, kisha upande mzima ukawa mweupe pe. Mkwe akapima chumvi, akapima joto, akabadilisha maji, wapi!

"Huenda ni mwanga," alisema mezani.

"Mwanga si ule ule?" mumewe akauliza. "Naona haujabadilika."

"Jicho ni mwongo, baba watoto. Ukiliongezea mwanga linajibana, ukilipunguzia linapanuka, halafu linakwambia mambo ni yale yale. Ndiyo maana tuna kipimo."

"Jicho la nani mwongo?" Bi Pindo akadakia. "Sema lako!"

Wakacheka.

Mkwe akapima jioni hiyo hiyo, kipimo kikasoma mia mbili, kiasi kile kile alichokiweka mwenyewe. Akabaki anakuna kichwa, na Bi Pindo akashusha pumzi. Lakini za mwizi ni arobaini, na asiye mwizi naye ana zake. Ndani ya tangi, kando ya jiwe, kulikuwa na kipimo kingine kidogo kama kifungo cha koti, kinachojiandikia chenyewe kiasi cha mwanga kila robo saa. Kilikuwemo tangu kabla Bi Pindo hajahamia. Kwa miezi yote hiyo hakuna aliyekisoma, maana tumbawe lilikuwa na afya, na Bi Pindo mwenyewe hakuwahi kukiona.

Usiku mkwe akakikumbuka, akakitoa na kukisoma. Kesho yake hakwenda kazini. Aliketi karibu na mama mkwe wake, daftari mapajani.

"Mama, ni wewe unayeigusa taa?"

Bi Pindo alikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Akamtazama yule binti, au tuseme alitazama pale sauti ilipotoka, ukamshinda wote.

"Nazungusha kidogo tu. Kidogo kile kile kila siku, Mungu shahidi."

"Miaka sita, mama!" Mkwe alikuwa na hasira na hakuificha. "Na si kile kile. Sikiliza. Mwezi ulipohamia hapa, saa nne, mia mbili na hamsini. Mwezi wa pili, mia tatu na thelathini. Wa tatu, mia nne na ishirini. Wa nne, mia tano. Jana, mia sita."

Bi Pindo hakuwahi kuizungusha taa kwa kipimo. Alizungusha mpaka tundu la sindano lionekane, basi. Kila asubuhi lilionekana, naye kila asubuhi alijiambia kwamba macho hayajashuka. Sasa alizihesabu namba zile kwa vidole, kama anavyohesabu shubiri za kitambaa. Hofu ikamkamata waziwazi.

"Hiyo taa yako inafika ngapi?"

"Mia saba, mama. Hapo ndipo mwisho wake."

"Kumbe nimebakiwa na mwezi mmoja wa kutunga sindano."

Hasira ya mkwe ilikuwa bado ipo, ila haikuwa na pa kwenda. Akafunga daftari.

"Sioni, mwanangu," Bi Pindo akasema. "Nipeleke kwa daktari, leo, kabla sijabadili mawazo. Lakini cherehani msiiguse."

"Hakuna atakayeigusa."

Bi Pindo akainuka, akazunguka kiti chake, akapapasa ukutani penye mlango, akarudi, akazunguka tena.

"Viatu vyangu mmeviweka wapi?"

"Hapo mbele yako, mama," mkwe akasema, akainama kumvalisha.