Tangi la Mama na Maswali Sitini na Matatu

Swali la kwanza la Bwana Haverkamp lilihusu papa. Alitaka kujua papa wetu huwa wanakaa umbali gani kutoka ufukweni, na kama serikali ina hesabu ya watu walioliwa. Nilisoma mara mbili kwenye simu, kisha nikasonya mpaka mbuzi wa jirani akageuka kunitazama. Mimi nina miaka sitini na moja, nimezaliwa hapa kisiwani Carriacou, nimeoga bahari hii tangu sijaota meno, na papa ninayemjua ni yule wa kwenye sahani.

Maswali yalikuwa sitini na matatu, yamepangwa kwa namba, na mengine yana vijitoto vyake chini. Je, ni salama kutembea peke yako jioni? Je, madirisha yana nondo? Je, daktari wa hospitali alisomea wapi, na kutoka nyumbani hadi kwake ni dakika ngapi kwa gari, na gari likiharibika je? Je, embe linaweza kuliwa bila kuchemshwa? Hili la embe nililisoma kwa sauti dukani kwa Verlyn, watu wakashika mbavu. Halafu aliuliza wenyeji wana tabia gani kwa wageni. Nikasema moyoni, wewe njoo tu, utatujua.

Mtu mwenyewe alikuwa mhandisi mstaafu wa Kanada aliyekimbia baridi, anakuja kukaa miezi sita, Januari mpaka Juni. Nyumba aliyopanga ni ya kaka yangu Cuthbert, ambaye yuko Brooklyn miaka thelathini na anaijua nyumba yake kwa picha. Mimi ndiye nashika funguo, nafagia, nafukuza popo. Cuthbert alinipigia simu akaniasa kama mtoto. Alisema nimjibu mgeni kila anachouliza, basi, nisimwongezee maneno yangu, kwa sababu ulimi wangu ulishamkimbizia wapangaji wawili.

Nilikasirika, sikatai. Nikamwambia sawa, kaka, atajibiwa alichouliza na hataongezewa hata nukta. Na nikalishika neno hilo kwa roho mbaya kabisa.

Swali la kumi na saba ndilo la maji. Aliuliza maji ya bomba yanatiwa dawa gani. Nikamjibu hatuna bomba, tunakunywa maji ya mvua yanayotoka kwenye bati na kuingia tangini. Akauliza kama tangi lina mfuniko. Nikajibu lina mfuniko. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuugua kwa maji hayo. Nikajibu hakuna. Akashukuru, akaenda kwenye namba kumi na nane, ambayo ilikuwa habari ya majambazi wenye pikipiki.

Hakuuliza mle tangini mna nini. Mlikuwa na samaki kumi na watano, wadogo kama kidole cha mtoto, ambao kila nyumba hapa inao, kwa sababu ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu. Hakuuliza mvua inanyesha lini. Wala hakuuliza tangi ni la nani.

Tangi ni la Mama. Cuthbert alijenga nyumba yake ya ghorofa juu ya tangi la Mama, huo ndio ukweli, hata kama karatasi zinasema vingine. Mama yetu, Clementina Bedeau, alibeba mchanga kichwani kutoka ufukweni kupanda kilima hiki miaka miwili, mwaka wa kwanza ana mimba ya Cuthbert, mwaka wa pili Cuthbert yuko mgongoni. Hapa hakuna mto, hakuna chemchemi. Kuanzia Januari mbingu inafunga, na unakunywa ulichokinga. Kibanda changu kiko chini ya ile nyumba, nina mapipa matatu tu, na miaka yote nachota kwenye tangi la Mama.

Na mwaka ule nilikuwa nayalinda maji yale kwa jambo maalumu. Mama alikuwa amekufa miaka sita na kaburi lake bado halina jiwe. Alinijia ndotoni mara tatu, gauni limemkauka mwilini, midomo imepasuka, akasema, "Ismay, nina kiu." Hapa kwetu ndoto ya namna hiyo huiambii isubiri. Maana yake anataka jiwe lake na karamu yake. Ngoma zipigwe, kijiji kizima kilishwe, jiwe limwagiwe maji pembe zote nne, naye apumzike. Nikaweka siku, Jumamosi ya tatu ya Aprili. Watu mia mbili wale na wanywe katikati ya kiangazi, na maji yote ya kupikia yako tangini. Tangu Oktoba nilikuwa naoga kwa kopo moja.

Haverkamp akafika. Jamani. Sanduku moja lilikuwa la nguo na mawili ya dawa. Alifunga king'ora mlangoni, kikawa kinalia kila kuku akipita. Alivaa filimbi shingoni, sijui ampigie nani. Akienda ufukweni alikuwa anasimama maji yakiwa magotini, anatazama huku na huku, kisha anarudi. Chupa zake za maji alinunua dukani kwa makatoni, na ya tangini akawa anaogea tu. Nilimdharau kwa raha zote. Asubuhi nikifagia baraza yake alikuwa ananifuata na vimaswali vipya, nami namjibu neno moja moja.

Siku kumi kabla ya karamu, jiwe likaja. Kwa kawaida jiwe hulala nyumbani usiku mmoja tu, lakini mashua iliyolileta kutoka Grenada ilikuwa inakwenda kutengenezwa, ikabidi lije mapema. Nikalifuata gatini Hillsborough asubuhi na Philbert, fundi mwashi wetu, aliyemzika Mama na ndiye angelisimamisha jiwe. Tulilipakia kwenye gari lake, tumelifunga shuka jeupe. Jiwe likishakuja ni Mama mwenyewe huyo. Linaingia kwa mlango wa mbele, linalazwa kitandani, linaamkiwa, na halitoki tena ila kwenda kaburini.

Tulipokata kona ya kupanda kilima Philbert akapunguza mwendo. Barabara ilikuwa imelowa. Mwezi wa Aprili, barabara imelowa. Maji yalikuwa yanateremka pembeni, kondoo wa watu wamejipanga wanakunywa, na Verlyn amesimama nje ya duka na ndoo tupu hajui aikinge wapi. Roho yangu ilijua kabla yangu. Nikashuka gari likiwa bado linakwenda.

Haverkamp alikuwa nyuma ya nyumba, glavu za mpira mkononi, kitambaa puani, furaha tele. Koki ya chini ya tangi ilikuwa wazi na kinachotoka sasa ni matope.

"Nimeyafungulia yote tangu alfajiri," akasema. "Mle ndani mlikuwa na samaki. Kumi na wawili hivi."

"Kumi na watano," nikamwambia.

"Nitalisugua mwenyewe. Nani anakuja kulijaza?"

"Mvua."

"Lini?"

"Juni."

Alicheka kidogo, halafu akanitazama, akaacha kucheka. Ningefungua mdomo siku ile ningemng'oa masikio. Nilirudi kwenye gari, tukamwingiza Mama ndani, tukamlaza kitandani pangu. Desturi inataka jiwe likifika linyunyiziwe maji. Nikanyunyiza kwa ncha za vidole, kwa uchoyo, na machozi yakanitoka kwa hasira.

Nilidhani Philbert atamtukana mzungu pamoja nami. Philbert akavua kofia, akauliza kama nilimwambia yule mtu habari ya samaki.

"Hakuuliza," nikasema.

"Ulimwambia tuna karamu? Kwamba haya maji ni ya karamu?"

"Hakuuliza, Philbert."

"Aliuliza mpaka embe lichemshwe au lisichemshwe, dada yangu. Umemjibu miezi mitatu. Leo ndiyo ulimi umekuwa wa kupima?"

Nikamfukuza nyumbani kwangu. Nilimwambia aende akakae na rafiki yake mwenye glavu. Mchana kutwa nilitembea kati ya mlango na kitanda, nikimhesabia Haverkamp ujinga wake wote tangu papa wa kwanza, na kila nikifika kwenye kumi na saba naruka kwenda kumi na nane. Kuahirisha nilikuwa siwezi. Jiwe liko ndani. Ndugu walishakata tiketi, kondoo wameshachaguliwa. Na mapipa yangu matatu yalikuwa yamebaki moja na nusu.

Siku ya pili yake, saa nane mchana, Haverkamp akabisha hodi. Mkononi ana jagi. Makatoni ya Verlyn yalikuwa yamekwisha na boti ya shehena haiji mpaka wiki ijayo. Alikuwa mwekundu, midomo imeanza kumbabuka, filimbi bado iko shingoni. Akaomba maji.

Maji hayanyimwi mtu hapa, hata awe nani. Nikafunua pipa, nikachota, nikamjazia jagi lake mpaka juu, roho inaniuma kila tone. Akaliinua juani, akalizungusha, akalitazama upande huu na upande ule.

"Haya ni salama?" akauliza.

Jibu lake nilikuwa nalo. Ndiyo, basi, aende zake. Ndivyo nilivyomjibu siku zote. Lakini nilimwangalia ile midomo, na nikaona nimeshaiona mahali. Nikamkamata shati nikamvuta ndani mpaka chumbani, jagi likimwagika, nikafunua shuka.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma jina la Mama na miaka yake. Akauliza kwa nini kaburi liko kitandani. Basi ndipo nilipoufungua mdomo wangu, na Cuthbert anisamehe. Nilimwambia habari ya mchanga na kilima, na mimba, na mgongo. Nikamwambia ndoto. Nikamwambia samaki ni wa nini, na mvua ni ya lini, na watu mia mbili, na pembe nne. Nikamwambia ameuliza habari za nyoka na Carriacou nzima haina nyoka wa kumtia mtu homa, ameuliza habari za wezi, na mtu pekee aliyemwibia mwenzake kilima hiki tangu Krismasi ni yeye. Alisikiliza yote amekumbatia lile jagi. Nilipomaliza alikuwa amekaa sakafuni.

"Mbona hukuniambia?" akasema, taratibu, wala si kwa ubishi.

Nikamwambia yeye amekwisha kuuliza sitini na matatu, sasa mimi nina langu moja. "Una ndoo ngapi?"

Alikuwa nazo mbili. Verlyn akampa mbili. Kwenye tangi la serikali kule mlimani kila kichwa hupewa ndoo nne kwa siku wakati wa kiangazi, na foleni inaanza kabla jua halijatoka. Siku nane mfululizo alipanga foleni ile, kofia kubwa kama ungo, glavu mkononi, na kila asubuhi alimwaga robo njiani kwa sababu hakukubali kufundishwa kubeba. Mimi nilikuwa mbele yake na zangu nne kichwani. Watoto walimwita Bwana Papa. Kijiji kilipoona hivyo kikaanza kuleta, huyu nusu ndoo, yule moja, na wote walimpa yeye, kwa kumwonea huruma, na mimi wakanipa salamu tu. Nilisonya mpaka taya likaniuma.

Jumamosi ikafika. Kondoo walichinjwa, ugali ukafinyangwa matonge makubwa kama vichwa vya watoto, ngoma zikaanza mchana. Tulimbeba Mama kutoka kitandani mpaka kaburini, Philbert akamsimamisha, na mimi nikamwagia maji pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, bila uchoyo. Haverkamp alikuwa amesimama nyuma, kavua kofia, anamuuliza Philbert saruji hukauka kwa saa ngapi. Hata pale.

Alfajiri ya Jumatatu Mama akanijia. Gauni lake lilikuwa limelowa vizuri na midomo imelainika, nikafurahi. Akaniuliza yule mtu mwekundu aliyembebea maji ni wa nani. Nikamwambia si wa mtu, ni mpangaji wa Cuthbert, hana akili, yeye ndiye aliyeyamwaga yale ya kwanza.

"Yeye alikuwa hajui," Mama akasema. "Nauliza nani alijua."

Niliamka, nikakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kukapambazuka. Yule mgeni nilimjibu maswali yake yote sitini na matatu, na hili moja la Mama mpaka leo sijalijibu.