Mwanangu kwa Mujibu wa Wosia

Mzee Shaban alikuja ofisini kwangu wosia wake ukiwa umeshaandikwa, kwenye karatasi aliyoichana katika daftari la dukani. Wateja wa aina hiyo ndio wanaonichosha kuliko wote. Hawaji kuuliza, wanakuja kugongewa muhuri.

Ni Mrangi wa Kondoa aliyehamia Dodoma mjini tangu ujana, muuza nafaka, mjane. Ana wana wawili wa kiume, Swalihu na Abubakari. Ana shamba Kondoa, duka, nyumba kubwa Ihumwa anakoishi mwenyewe, na nyumba ndogo Chang'ombe anakoishi Salwa, binti aliyeachika mwaka juzi, na cherehani zake mbili barazani. Wosia wenyewe ulikuwa sentensi moja: "Nyumba ya Chang'ombe namwachia mwanangu kipenzi Salwa, asisumbuliwe na mtu." Chini yake sahihi tatu: yake, ya jirani, na ya Salwa.

"Mzee, huyu shahidi wa pili si ndiye anayepewa nyumba?"

"Ndiye. Nani mwingine ana uchungu nayo?"

"Aliisoma?"

"Thubutu! Nilifunika kwa kiganja. Nikamwambia weka sahihi, ni mambo ya msikiti."

Nilivua miwani. Mimi ni Mkristo wa Kibakwe, lakini mirathi ya Kiislamu nimeishughulikia miaka kumi na tisa, na maelezo haya nayatoa hata nikiwa nasinzia. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake. Theluthi hiyo hampi mtu ambaye tayari ni mrithi wake, labda warithi wengine waridhie. Binti wa kuzaa ni mrithi. Kwa hiyo, ukiacha hilo la ushahidi, neno "mwanangu" peke yake lilitosha kuufuta wosia mzima. Salwa angepata fungu lake la kisheria tu, na nyumba ingeweza kuuzwa ili wote wagawane.

Mzee aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Basi hakuna tatizo," alisema kwa sauti ya chini. "Salwa sikumzaa mimi."

Alikuwa mtoto wa kaka yake mkubwa, Hanifu. Hanifu na mkewe walifia kwenye ajali ya gari njia ya Kondoa, mtoto akiwa na miezi miwili. Stara, mke wa Shaban, akamnyonyesha pamoja na Abubakari. Kwenye cheti cha kuzaliwa waliandika jina la Shaban. Salwa hakuambiwa kamwe. Swalihu alijua, kwa kuwa siku mtoto analetwa nyumbani yeye alikuwa na miaka tisa.

"Amenyonya ziwa la mke wangu, wakili. Utaniambia si mwanangu?"

"Ziwa linamzuia asiolewe na Abubakari. Halimrithishi."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Nikaendelea, maana nikishaanza huwa siachi. Nilimwambia kwamba hapo ndipo penye bahati yake. Kwa kuwa yeye ana wana wa kiume, mtoto wa kaka yake si mrithi, na kwa kuwa si mrithi, anaweza kuusiwa nyumba ile, ambayo wala haifiki theluthi. Ila lazima iandikwe waziwazi: Salwa binti Hanifu, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea. Kuhusu cheti, angekula kiapo aeleze ukweli.

"Na umwambie mwenyewe," nikaongeza. "Usipomwambia, siku ya mahakama Swalihu atasema huyu si dada yetu, na Salwa atainuka na cheti chake kudai ni binti yako wa kuzaa. Atakuwa anaukana wosia unaompa nyumba."

"Kwa hiyo ili nimpe nyumba, nimkane?"

"Humkani. Unamtaja kwa baba yake."

Nilijiona nimesema jambo la hekima sana.

Siku kumi na nane hakuonekana. Alipokuja, alikuja na Salwa, mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye futi ya kupimia nguo aliyoisahau shingoni. Aliniamkia shikamoo mama, nikaitikia. Nikamtazama mzee kumuuliza kwa macho. Akatazama feni.

"Msomee wewe," alisema. "Mimi nimejaribu kila siku. Msomee wewe."

Nilikasirika. Kazi hiyo haimo katika mkataba wangu na mteja yeyote. Lakini wosia mpya niliouandaa ulikuwa mezani na Salwa alishakaa, basi nikasoma kwa sauti yangu ya ofisini, na nilipofika kwenye "binti Hanifu" sikuinua kichwa.

Nilipomaliza, Salwa aliivuta karatasi akaisoma mwenyewe, polepole, mara mbili. Mzee alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake.

"Hanifu ni yule tunayemsomea dua kila mwaka?" Salwa aliuliza.

"Ndiye," mzee alijibu.

"Na mama?"

"Munira. Alikuwa mwembamba kama wewe."

Salwa aliirudisha karatasi mahali pake, akainyoosha ukingo. "Kaka Swalihu anajua?"

"Anajua."

"Aa," akasema, basi.

Nilimwomba atoke kidogo. Nikawaita Marko na Edina wa ofisi ya jirani, watu wasio na chao katika mali ile. Mzee aliweka sahihi, nao wakaweka zao, nikagonga muhuri. Ulikuwa wosia safi, mmoja wa mizuri niliyowahi kuandaa, na nyumba ya Chang'ombe sasa hakuna wa kumnyang'anya Salwa. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu jioni ile nilijionea aibu.

Salwa aliporudi, alimkuta mzee anahangaika kuinuka kitini. Akamshika mkono kama ambavyo bila shaka amemshika kila siku, akamvalisha kofia, akaiweka sawa. Hakuwa na hasira. Alisema kwa adabu, kama mtu anayejifunza kutamka jina vizuri.

"Twende, baba mdogo."

Mzee Shaban alichelewa kidogo, kisha akaitika.