Kuteksi Nyekundu ya Kaluki

Kaluki akishakaza injini, hakuna anayeuliza ni kazi ya nani. Kila kichwa cha bolti hukitia tone la kuteksi nyekundu, ile ile wanawake wengine wanayopaka kuchani, ili ajue kimefikia kipimo na dunia ijue kimepita mkononi mwake. Katika gereji yetu nyuma ya mtaa wa Fedha kila fundi ana rangi yake ya alama, lakini nyekundu ndiyo inayojulikana mpaka Mukuru kwa Njenga. Mimi nachomelea mabomba ya moshi tu. Sina rangi, kwa hiyo napata nafasi ya kutazama wenye rangi.

Griffins, anayekimbiza gari lake kwenye mashindano ya wikendi, alikuwa mteja wa Kaluki tangu zamani. Halafu Sylvance akaajiriwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, tulisema, maana alikuwa mpole na alizijua vizuri turbo, zile feni za kusukumia hewa ndani ya injini. Kaluki hakupona. Alianza kuugua siku ile Griffins alipovuta kiti akakaa kando ya Sylvance badala ya kando yake.

Chanzo kilikuwa bolti. Griffins alitaka kuongeza presha ya turbo, na presha ikizidi, hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, huinuka kidogo na gasketi inayoziba chini yake huungua. Sylvance alishauri waachane na bolti, watumie stad: chuma kisicho na kichwa, chenye nyuzi juu na chini, kinachoingia kwenye bloku, yaani mwili wa injini, kisha kufungwa nati juu yake.

"Bolti zangu zishawahi kukuangusha?" Kaluki alimuuliza Griffins, bila kumtazama Sylvance hata kidogo.

"Hapana, Kalu. Lakini hii presha si ile ya kitambo. Sylvance anasema bolti ukiikaza inajisokota na kuvutika wakati mmoja. Stad inavutwa tu."

Siku nzima Kaluki alilirudia kwa kejeli lile "Sylvance anasema". Chai ikiwa baridi, Sylvance anasema. Wingu likitanda, Sylvance anasema. Sisi tulicheka, yeye hakuwa akicheka. Ulikuwa wivu mtupu, na hasidi hana sababu, lakini huyu alikuwa nayo. Injini ile ilikuwa jina lake.

Alhamisi Sylvance alisimamisha stad zote kwenye bloku, akaenda dukani kuchukua gasketi. Alipopita lango tu, Kaluki akaanza kuizunguka injini kama mnunuzi wa mbuzi katika soko la Kiamaiko. Akashika stad moja kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akashika nyingine. Ikazunguka pia.

Sasa, sisi wote tumelelewa kwa amri moja: kaza mpaka ikatae. Uso wa Kaluki ukang'aa kama wa mtu aliyeletewa habari njema. Hakumngoja mwenzake. Alimwita Mzee Wathome, mwenye gereji, akampigia Griffins simu aje, akawakusanya mafundi. Hata mimi nikazima mashine. Sylvance aliporudi na gasketi kwapani, alikuta tumeizunguka injini, na Kaluki ameinua juu stad aliyoitoa kwa vidole vyake.

"Mzee, huyu ndiye mnampea injini?" alisema. "Hajakaza hata moja. Hii kitu ingepasuka na Griffins akiwa ndani."

Sylvance aliiweka gasketi mezani polepole. "Stad inaingizwa na mkono tu, sista. Ukiikaza kwa bloku inasimama vibaya, inaweza hata kupasua bloku. Nguvu yote inatoka kwa nati." Akaichukua ile stad, akaipangusa, akairudisha kwa vidole. "Na nati nilikuwa nakungojea wewe ukaze. Hakuna mkono kama wako hapa."

Afadhali angemtukana. Tusi lingejibiwa, sifa ile ilimwacha Kaluki amesimama tu.

Walipoweka gasketi na hedi, Kaluki alikaza, na hilo siwezi kumnyima. Alianza katikati akaelekea nje, nati kwa nati, akarudia mzunguko baada ya mzunguko mpaka spana ya kipimo ikalia kwenye kila moja. Sijawahi kumwona akikaza vizuri vile. Nadhani hasira ilimsaidia.

"Weka kuteksi," Sylvance akamwambia. "Ni kazi yako."

"Imekauka."

Nilikuwa karibu. Niliona kifuniko cha chupa ya kuteksi kikichungulia mfukoni mwa ovaroli yake. Sylvance akaenda ofisini kwa Mzee, akaazima wino mweupe wa kufutia makosa, akaweka alama kwenye kila nati. Griffins akapiga picha kabla injini haijafunikwa, akaituma kwenye grupu la madereva.

Jumapili gari lilishinda. Jumatatu asubuhi Chege, fundi wa Mukuru kwa Njenga, akasimama langoni na simu mkononi.

"Niaje, Kalu. Pole. Nimeona Griffins amekuacha."

"Nani amekuambia?"

"Si nimeona picha. Ni nyeupe tupu. Hiyo injini hukuigusa."

Kaluki akatia mkono mfukoni, akaishika ile chupa. Sylvance alikuwa hapo hapo, ameshaweka spana chini, ameshafungua mdomo amtetee. Kaluki alimwona, akamwahi.

"Ni kweli," alimwambia Chege. "Sikuigusa."