Ukuta Uliofuata Simu

Mshonaji alikuwa anakunja pindo la sare ya shule shemeji yake alipopita dirishani, ameishika simu mbele yake kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji pomoni. Alikwenda hivyo hadi kwenye jiko la mshonaji, akasimama.

"Pole, shemeji," alisema. "Setilaiti inasema mpaka unapita katikati ya jiko lako."

"Hiyo setilaiti imeshawahi kuingia jikoni kwangu?"

"Haina haja. Inaona kutoka juu."

Viwanja vilikuwa viwili, vya ndugu wawili: mume wa mshonaji, ambaye sasa ni marehemu, na huyu mdogo wake. Marehemu alipokuwa hai, hakuna aliyewahi kuuliza mpaka uko wapi. Safari hii mafundi waliletwa asubuhi, na ukuta ukasimama kutoka barabarani hadi nyuma, ukaligawa jiko: moto ukabaki kwa mshonaji, sufuria zikabaki kwa shemeji.

Siku ya kwanza ya mawingu, ukuta ulihama.

Fundi alipoitwa, alisema yeye hana kosa. Ukuta uliojengwa kwa simu huchukua tabia za simu. Mbingu zikifunga, kile kidoti cha bluu cha kwenye ramani ya simu hutangatanga, na ukuta hukifuata. Ulivuka uwanja, ukaingia chumbani kwa shemeji na kujilaza katikati ya kitanda, mume huku, mke kule. Mkewe alisema hajawahi kupumzika vizuri namna ile tangu aolewe.

Jua likiwaka, ukuta ulirudi jikoni. Watu walizoea. Muuza mkaa aliuliza, "Ukuta umeamkia wapi leo?" kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa. Mshonaji alianika nguo juu yake, na mawingu yakitanda akazifuata zilikopelekwa.

Lakini jiko ni jiko. Mshonaji akamwita mpima ardhi.

Mpima alikuja na mashine yake ya miguu mitatu. Alianzia kwenye jiwe la mpaka lililokuwa kona ya barabara, akalenga, akapima, akarudia. Ukuta ulipokatiza mbele yake, aliusubiri upite.

"Simu itakuonyesha duka liko wapi," alimwambia mshonaji. "Kwako panapoishia, haikuonyeshi. Inakosea hatua kadhaa na haioni aibu."

Vipimo vilimpeleka hadi sebuleni kwa shemeji. Aliomba kochi lisogezwe, akabomoa sakafu kidogo, na jiwe la pili likaonekana. Lilikuwa limefunikwa kwa saruji, na kwenye saruji kulikuwa na alama ya kiganja. Mke wa shemeji akaushika mkono wa mumewe, akauweka pale. Ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Kumbe ulijua," mshonaji alisema.

"Mambo ya mawe ni ya zamani," shemeji alijibu. "Mimi naamini teknolojia."

"Kwa hiyo nusu ya sebule ni yangu?"

"Tena ile yenye dirisha," mpima alisema.

Ukoo ukakaa kikao palepale sebuleni. Walikubaliana kwamba mpima hajakosea, jiwe halijasogea, na kiganja ni cha shemeji mwenyewe. Halafu wakasema damu nzito kuliko maji, na mjane mwenye busara havunji nyumba ya watu kwa ajili ya kochi. Shimo likafukiwa. Kochi likarudishwa, na shemeji akawa wa kwanza kulikalia, upande wa dirishani.

Mshonaji aliaga vizuri, maana alilelewa. Alihofia akisema zaidi atalia, na wao wangekiita kile kilio kukubali.

Nje, mawingu yalikuwa yamefunguka. Kwenye kichochoro alikutana na ukuta ukielekea nyumbani. Ulijibana pembeni, ukampisha kwa adabu, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyemfanyia siku hiyo. Alipokwisha kupita, ulimfuata nyuma taratibu, ukaingia naye jikoni.