Ishirini na Nane Yangu

Mimi si mjinga, darasa la saba nilimaliza. Kwa hiyo Edward, mtaalamu wa kupima maji aliyeletwa kwetu Magamba kutoka Tanga, aliponipa kazi ya kuandika namba daftarini, niliandika na nikakumbuka. Mwenyewe ndiye aliyenifundisha: umeme ukipitishwa ardhini, namba ndogo ni udongo wenye maji, namba kubwa ni ukavu au mwamba. Tulipima siku mbili, mstari mrefu wa vigingi kutoka kwa Kibwana mwenye duka hadi nyuma ya migomba yangu. Namba ndogo kuliko zote ilikuwa ishirini na nane, ila ni ya kigingi kipi sikuambiwa.

Siku ya tatu akafungua kompyuta yake ofisi ya kijiji, akatuonyesha picha ya ardhi kwa rangi, bluu ndiyo maji. Kisima, akasema, kichimbwe kwa Kibwana.

Kwa Kibwana! Siku hizi za soko huria mtu yule anauza hata chumvi kwa kijiko. Akipata kisima uani kwake, sisi tunaopanda mlima na ndoo kichwani tutakoma. Na jana yake nilimwona shemeji yangu, Mghosi Saidi, ndugu wa mume wangu, akinong'onezana na Edward nyuma ya gari. Waliponiona wakanyamaza, na Edward akanipa shikamoo tamu mno. Kumbe shemeji kashalainishwa!

"Baba, samahani," nikasema. "Ishirini na nane yangu iko wapi? Hapo rangi ya chini kabisa imeandikwa mia."

"Huo ni mpaka tu, mama. Nimeiambia kompyuta isishuke chini ya mia, zote za chini yake zipate rangi moja. Namba nyingine huwa za makosa."

"Za makosa, au za kufichwa? Ondoa huo mpaka."

Saidi akanishika mkono. "Shemeji, yaache hayo."

"Niyaache kwa nini? Umepewa nini wewe?" Nilipayuka mpaka wanawake waliokuwa nje wakaingia na ndoo zao. "Aondoe!" wakaitikia.

Edward akamtazama Saidi, kisha akabonyeza. Tukasubiri kompyuta ikokotoe. Picha iliporudi, kwa Kibwana palikuwa na rangi hafifu tu. Upande wa pili bluu nzito imejaa. Nikahesabu vigingi kwa kidole, huku nacheka: thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja. Kidole kikasimama.

Pale ni nyuma ya migomba. Pale amelala mume wangu Faraji, mwaka wa tatu sasa.

"Edward aliponiambia maji yako pale," Saidi akasema polepole, "nilimwomba asipaonyeshe."

Jirani yangu Rehema aliitazama ndoo yake.

"Baba," nikamwambia Edward, machozi yananitoka, "irudishe ile mia."

"Nitairudisha, mama," akasema. "Lakini wote wameshaona."