Kisicho na Jina Kitatupwa Jumapili

Usiku wa kuamkia Jumapili, mimi Mwanakombo binti Faki, mwanafunzi mgeni katika mji wa Sheffield, Uingereza, niliota nimekaa ndani ya friji. Ni friji la bwenini kwetu, la jiko la pamoja. Nimekunjwa rafu ya kati, magoti kidevuni, baina ya jibini la mtu na nusu kitunguu. Baridi haikunishangaza. Nimeizoea tangu nishuke kwenye ndege.

"Wewe wa nani?" friji likauliza.

"Wa nani kivipi?"

"Usiniletee ujuvi. Kila kilichomo humu kimebandikwa jina. Jibini lina mwenyewe, kitunguu kina mwenyewe. Wewe huna kitu."

Hapo nikalikumbuka tangazo la mlangoni pake: kisicho na jina kitatupwa Jumapili. Nalisoma kila asubuhi, nami siku zote nilidhani wanasema maziwa.

"Naitwa Mwanakombo," nikasema. "Chuoni wamefupisha, wananiita Mo, basi nimewaacha."

"Mo si jina lako. Na kujitaja mwenyewe hakuhesabiki, hata maziwa yangejitaja. Tangu Ijumaa, yupo mtu aliyekuita jina lako?"

Nikafikiri. Ijumaa wengine waliburuta masanduku wakaenda makwao, waliobaki wakajifungia vyumbani. Jumamosi nilifua, nikaanua, nikaona jua bado lipo, nikafua tena. Nikaenda dukani, nikalipia kwenye mashine, na mashine ikaniambia asante, nisisahau mzigo wangu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu ya siku. Jina haikulitaja.

"Hayupo," nikasema.

"Basi gari la taka liko njiani. Ukimpata wa kukuita kabla halijafika, utabaki. Usipompata, utajua mwenyewe."

Likanifungulia mlango, kistaarabu kabisa, nikatoka.

Nje si jikoni tena. Ni uwanja wa mpira. Watu kibao, wamevaa skafu, wote wanaliita kwa kelele jina la mtu mmoja ambaye, kwa ninavyoona mimi, amekosa bao na sasa amelala kifudifudi kwenye matope. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, watu hawa koo wanazo. Nikamgusa mzee mmoja begani.

"Samahani, baba. Niite Mwanakombo, mara moja tu."

"Samahani," naye akasema, akanipisha.

"Sitaki kupita. Nataka kuitwa."

"Samahani," akasema wa pili yake, naye akapisha. Safu nzima ikasimama, na ya nyuma yake ikasimama, mpaka uwanja ukapasuka katikati ukawa njia, kila mtu ananiomba radhi, hata mmoja haniulizi nina nini. Adabu ya watu wale itakuja kuniua, wallahi. Nikaishika njia yenyewe, maana ningefanyaje?

Njia inaishia stesheni ya treni. Treni hakuna. Kuna simu ukutani, na kabla sijaigusa, mama yangu keshapokea, huko Wete, Pemba. Nikashusha pumzi. Kwa mama mambo yamekwisha.

"Mama! Niite jina langu upesi, watanitupa."

"Yarabi! Watakutupa wapi?"

"Jaani. Niite tu."

"Mwanangu."

"Silo hilo."

"Kipenzi changu. Mavyaa wangu."

"Mama, jina!"

Hapo nikajua nimepatikana. Mwanakombo ni jina la bibi yangu mzaa baba, na mama hajapata kulitaja jina la mkwewe tangu alipoolewa. Ndiyo maana huniita Mavyaa, yaani mama mkwe, na nyumba nzima hucheka. Nilipokuwa mdogo nikiona fahari.

"Bibi yako kakaa hapa hapa, anapeta mchele," mama akasema kwa sauti ya chini. "Nilitaje jina lake kavukavu, na masikio anayo? Miaka yote namstahi, leo nimvunjie heshima kwa ajili ya gari la taka?"

"Mpe simu yeye basi, aniite yeye."

Nikawasikia wanashauriana. Mama akarudi. "Anasema mtu hajiiti mwenyewe, watu watamwona ana wazimu. Anauliza umekula?"

"Nimekula."

Ni kweli nilikula. Lakini nilikula peke yangu, na hilo sikulisema. Badala yake nikasema hali ya hewa si mbaya. Mama akafurahi. Nyuma yangu gari la taka linapiga honi, na stesheni imekwisha kuwa ukumbi wa bweni letu.

Bethan anakuja. Huyu ni jirani yangu wa chumba cha pili, msichana wa Wales, mrefu, mwenye haraka zake. Kila tukipishana huniuliza, "Uko sawa?" na kabla sijafungua kinywa keshakata kona. Wiki za mwanzo nilikuwa namfuata nyuma nimjibu. Siku hizi naujibu ukuta.

"Uko sawa?" akauliza.

Safari hii miguu yake ikaenda, mwili ukabaki. Swali halikumwachia.

"Jibu, tafadhali," akasema, kwa Kiswahili cha Pemba, nami sikuona ajabu. "Miguu yangu inanisubiri kule."

Ningeweza kusema ndiyo, asante, nawe je. Ndivyo wasemavyo. Nikasema, "Siko sawa."

Basi yakatoka yote. Nikamwambia Jumamosi za hapa zinanitisha. Nikamwambia nafua nguo safi. Nikamwambia nimepika mchuzi wa samaki sufuria nzima, kwa kuwa mkono wangu haujui kupima chakula cha mtu mmoja, na nimekaa mezani nikisema karibu kila niliposikia nyayo, na nyayo zikapita. Nikalia kwa sauti, wala sikuona haya.

Miguu ikarudi, ikaingia mahali pake.

"Huo mchuzi umekwisha?" Bethan akauliza.

Uchungu wangu wote ule, na yeye kaulizia mchuzi! Nikampenda pale pale.

Tumekaa sakafuni, sinia la wali katikati. Kula kwa mkono hajui. Wali unamponyoka baina ya vidole, mchuzi wa binzari unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na anakula tu. Namwonyesha namna ya kusukuma tonge kwa dole gumba. Watu wa taka nao wamekwisha kuingia na makoti yao ya kung'aa. Wananishika mabega, wananinyanyua. "Samahani," wananiambia. "Samahani sana."

"Mwacheni," Bethan akasema, mdomo umejaa. "Huyo ana watu wake."

"Anaitwa nani?"

Bethan akanitazama. Hakujua. Nikapinda shingo, huku nimeshikwa juu juu, nikamnong'oneza sikioni. Akameza tonge. Akafungua kinywa.

Nikaamka.

Sikulisikia. Nikalala pale nikisikiliza mvua, nimekasirika kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Halafu nikaondoka kwenda jikoni, maana chai haijitengenezi.

Bethan alikuwa amesimama kwenye sinki, kanipa mgongo, anasugua vidole vya mkono wa kulia kwa sponji na sabuni ya vyombo. Rangi ya binzari ilikuwa imemganda mpaka kwenye kucha.

"Mwanakombo," akasema bila kugeuka, kwa Kiingereza chake, na jina zima halikumkwama popote. "Hii hutolewa na nini?"

Mimi jina langu, nikiwa macho, sikuwahi kumwambia. Nikamvutia kiti.

"Haitoki upesi," nikamjibu. "Kaa, nikutilie chai."