Orchestre Kutu na Mashine ya Mama Sharifa

Ukipita Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya mto Lualaba, ukauliza nani alikuwa uwanjani siku bendi ya Orchestre Kutu ilipopiga mbele ya mkubwa kutoka Kinshasa, utaambiwa wote walikuwepo. Hata waliokuwa hawajazaliwa. Hata wale ambao mwaka ule walikuwa Lubutu wakiuza chumvi. Bulaimu, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji, hawabishii. Hana sauti ya kubishana na mtu.

Orchestre yenyewe haikuishi zaidi ya kiangazi kimoja, kile cha mwaka ambao mkoa wa Kivu, nchi ingali inaitwa Zaire, ulikatwa vipande vitatu na Kindu ikaamka asubuhi imekuwa mji mkuu wa mkoa, bila hata rangi ya kupaka ofisi. Walikuwa watatu. Kalume alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Kampene mikono mitupu, isipokuwa gitaa moja lililofungwa waya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi. Musafiri alipiga mapipa ya mawese na vifuniko vya sufuria za dada zake, na kipaji chake kilikuwa kimoja: hakuchoka. Bulaimu alikuwa kijana mwembamba, mpole, wa kuwasalimia wazee kwa mikono miwili. Lakini akifungua kinywa kuimba, mbuzi walikata kamba.

Sauti hiyo aliipata wapi? Si kwa walimu. Mzungu mmoja, fundi wa reli, alihama Kindu akaacha kaseti isiyo na karatasi ya jina, na Kalume akaiokota. Redio ya kaseti ilikuwepo; shida ilikuwa betri. Siku zile betri hazikutupwa. Zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, zikarudishwa kazini, na zikichoka tena zilichemshwa kwenye sufuria kama mihogo. Kwa betri za namna hiyo, kaseti ya Mzungu ilitoa mngurumo wa polepole, mzito, wa kutoka chini ya ardhi. Vijana wakasikiliza, midomo wazi.

"Hii njo muziki," Kalume akasema. "Ile ingine yote ni ya kubembeleza watoto."

Basi wakauiga. Spika yao ilikuwa imepasuka ndani na ilikula umeme wa betri ya lori bovu, kwa hiyo hata salamu ikipita mle ilitoka kama ugomvi. Nasikia wakati huohuo, huko Ulaya na Amerika, kulikuwa na vijana wenye nywele ndefu walionguruma vivyo hivyo na kuuita muziki wao chuma. Wao walinunua vyombo. Kindu ilifika palepale kwa betri za kuchemsha, na haikuomba msaada wa mtu. Jina la Kutu alilichagua Musafiri, kwa sababu kutu ilikuwa kwenye kila walichokigusa.

Kwa Kalume na Musafiri ilikuwa starehe. Kwa Bulaimu kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa mashine ya kushonea.

Mama yake, Mama Sharifa, alikuwa fundi wa nguo. Sare za shule, kanzu za Idi, magauni ya maharusi, yote yalipita kwenye mashine ya mkono ambayo marehemu mumewe aliileta kutoka Kigoma, akaibeba begani kutoka stesheni hadi mtumbwini na kuvuka nayo Lualaba. Mashine hiyo ililisha nyumba. Kisha ikapata bahati mbaya ya kuonekana na Citoyen Lutumba.

Citoyen maana yake mwananchi. Neno bwana lilikuwa limepigwa marufuku, ingawa mabwana wenyewe hawakupungua. Lutumba alikuwa mkubwa wa Chama tawala hapo Alunguli. Alibatizwa Anaclet, na Chama kilipokataza majina ya Kizungu akalitupa Anaclet na kuchukua majina matatu ya mababu, wawili kati yao wakiwa mababu wa watu wengine. Alikuja kwa Mama Sharifa na tabasamu, akaazima mashine kwa wiki moja ili zishonwe sare za animasyo, yaani zile nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi ambazo kila mtaa ulilazimika kuzicheza. Wiki hiyo ilikuwa sasa inakwenda mwaka wa tatu. Mashine ilikaa sebuleni kwa Lutumba, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Haikushona hata kifungo. Kila aliyepita barabarani aliiona dirishani.

Mama Sharifa alikwenda kuidai. Akaambiwa iko kazini kwa taifa. Akaenda tena, akaambiwa kuuliza-uliza ni tabia ya wapinzani. Jirani mmoja aliyewahi kudai baiskeli yake alilala kwa jandarme, askari wa serikali, wiki nzima, akarudi hana hamu tena ya baiskeli. Basi mama akawa anashona kwa mkono, kitambaa kimegusa pua, macho yanatoka machozi, na Bulaimu akawa anamtazama. Kumtazama huko kulimuuma kuliko njaa.

Ndipo akatunga wimbo. Lutumba mwizi, rudisha mashine ya mama. Maneno hayo, mwanzo hadi mwisho, yamefungwa ndani ya mngurumo ambao hata malaika wasingeufungua. Alijiona shujaa. Alimweleza mama yake kwamba atamwimbia Lutumba usoni, mbele ya watu wote, na jandarme hatapata la kushika.

Mama Sharifa akakata uzi kwa meno. "Utamuambia, na yeye haisikie. Sasa umemuambia nini? Ule mutu iko anakula muchele yake, na mashine yangu iko pale inavaa maua."

"Mama, hii njo sanaa."

"Sanaa, sawa. Nisaidie kutia uzi kwa sindano, macho yangu imechoka."

Walifanya mazoezi uani kwa Mama Sharifa kila alasiri. Betri ya lori ilikuwa inakata katikati, na kila ikikata, sauti ya Bulaimu ilibaki uchi: Rudisha mashine ya mama! Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga ua wa jirani waliyashika maneno bila kutaka. Baada ya muda mfupi Alunguli yote iliujua wimbo mzima, ikiutwangia mpunga na kuuogeshea watoto, isipokuwa mtu mmoja. Na huyo mmoja, hakuna aliyejitolea kumfundisha.

Siku Lutumba mwenyewe aliposimama mlangoni, betri ilikuwa imetoka kuchajiwa. Musafiri aliangusha kifuniko.

"Hii kelele njo ya nani?"

"Ni yetu, citoyen," Kalume akasema.

"Mupige tena."

Wakapiga. Bulaimu akafumba macho akamngurumia Lutumba mwizi, hatua mbili kutoka kwenye tumbo lake, akisubiri pingu. Alipofumbua, mkubwa wa Chama alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

"Hii njo hasira ya mapinduzi!" Lutumba akasema. "Kule Kasuku, ule mutaa wa ngambo ya mayi, wako na tarumbeta tu. Tarumbeta! Mukubwa wa Kinshasa akikuja, sisi tutamuonyesha hii."

Hivyo ndivyo Orchestre Kutu, iliyokuwa ikimtukana Lutumba, ilivyokuwa mali ya Lutumba. Walipewa mashati ya kitenge yenye uso wa Kiongozi. Walipewa jenereta ya Chama. Walisamehewa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi ya kufyeka majani barabarani, na huo ndio utukufu hasa. Bulaimu alipita sokoni na shati lake jipya, wasichana wakageuka, na aibu yake kubwa ni kwamba alifurahi.

Walipewa pia betri mpya. Kalume akazitia redioni ili wajifunze zaidi kutoka kwa mabwana wakubwa wa muziki wao. Kilichotoka kwenye kaseti ileile kilikuwa kwaya ya watoto wa Kizungu, sauti nyororo, na kinanda nyuma yao. Wakasikiliza hadi mwisho. Musafiri alicheka mpaka akalala chini. Bulaimu hakucheka. Alizitoa betri mpya, akarudisha zile za kuchemsha, akasema asisikie mtu amelizungumza tena jambo hilo.

Siku ya sherehe ikafika. Watu walivushwa mto kwa mitumbwi tangu alfajiri, kwa hiari ya lazima. Mkubwa kutoka Kinshasa alikaa jukwaani kwenye kiti cha sofa kilichotolewa nyumbani kwa mtu ambaye tangu siku hiyo alikalia mkeka. Kasuku wakapiga tarumbeta zao. Watu wakapiga makofi na kuendelea kupiga, kwa sababu katika animasyo hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha. Mama Sharifa alisimama mstari wa mbele na wanawake wa Alunguli, amejifunga kitenge cha Chama alichokishona kwa mkono, kila pindo, kwa macho yake yale.

Kisha Orchestre Kutu ikaanza. Mkubwa alishtuka, akashika mkono wa sofa. Lutumba alikuwa pembeni yake akimweleza kwamba hiyo ni hasira ya wananchi dhidi ya maadui wa nje. Mkubwa akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Bulaimu alinguruma kama hajawahi, mishipa ya shingo imesimama, Lutumba mwizi, Lutumba mwizi, na Lutumba alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jenereta ikakohoa. Mafuta yake aliyapokea Lutumba kwa mikono yake mwenyewe, na mikono ile haikuwahi kupokea kitu kikafika kizima. Ikakohoa tena, ikafa.

Bulaimu alielewa mara moja kwamba sasa ndiyo saa yake. Hakuna spika ya kujificha. Alichotakiwa kufanya ni kufungua kinywa na kusema kwa sauti ya mtu neno alilolificha kiangazi kizima. Jandarme walikuwa wale pale. Mama yake alikuwa yule pale, anamtazama. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na hapakutoka kitu. Wiki zote za kunguruma zilikuwa zimelimaliza koo. Alijaribu tena, ikatoka hewa tupu, kama bomba la maji la Regideso.

Na mpaka leo hajui kama ilikuwa koo tu, au woga pia.

Hapo Mama Sharifa akaweka mkono kiunoni. Ujanani alikuwa mwimbishaji kwenye harusi zote za Waislamu wa Kindu, na sauti yake ilivuka mto bila mtumbwi.

"Lutumba eee, rudisha mashine yangu!"

"Rudisha!" wakajibu wanawake wa Alunguli.

Wasingeweza kutojibu. Miaka kumi na zaidi walikuwa wamefundishwa na Chama chenyewe kwamba mmoja akiita, wote wanajibu, wanapiga makofi na kukata kiuno, bila kuuliza kilichoitwa. Vinywa vilijibu vyenyewe. Miguu ikaingia yenyewe. Musafiri, asiyechoka, akaanza kupiga mapipa.

"Ile ya marehemu, rudisha mashine yangu!"

"Rudisha!"

Watu wa Kasuku, ambao hawakujua mashine wala marehemu, nao wakajibu, maana kunyamaza ndiko kungeonekana. Mkubwa kutoka Kinshasa akasimama akapiga makofi, kwa hiyo jukwaa zima likasimama likapiga makofi, na Lutumba akasimama akapiga makofi, jasho linamtiririka hadi kwenye uso wa Kiongozi kifuani.

"Ni mashine gani wanaomba?" mkubwa akauliza.

Lutumba hakuwa mjinga. Mjinga hafiki pale. "Ni zawadi, Mukubwa. Chama kilimuahidi huyu mama mashine ya kushonea. Nilitaka niitoe leo, mbele yenu."

Vijana wake wakatumwa mbio, na mashine ikaletwa na kitambaa chake cha kufuma, na maua yake ya plastiki. Lutumba akahutubia. Akasema Kiongozi hasahau akina mama wajane. Akasema mama huyu sasa atacheza kumshukuru Kiongozi kwa zawadi hii. Bulaimu aliyasikia hayo akatamani ardhi ipasuke, kwa hasira.

Mama Sharifa hakucheza. Aliinua kitambaa, akakiweka chini na maua yake. Akazungusha mkono wa mashine, akasikiliza. Akainama akatazama mahali pa sindano. Palikuwa patupu. Akainua kichwa.

"Na sindano?"

"Sindano!" uwanja mzima ukajibu, kiuno kikakatwa. "Sindano! Sindano!"

Na Lutumba, mikono yake bado inapiga makofi kwa sababu hakuna aliyeacha, akamgeukia mke wake akamwambia kwa meno yaliyobanwa akimbie nyumbani akaitafute.

Wiki iliyofuata Orchestre Kutu ilivunjwa kwa kosa la muziki wa kigeni usiofuata mila za Kizaire. Jenereta ikarudi kwa Chama. Kalume akarudi Kampene na breki zake. Sauti ya Bulaimu haikurudi. Hadi leo akinunua nyanya sokoni ananong'ona, na muuzaji huinama kumsikiliza akidhani anasengenya. Kazi yake ni kuzungusha mkono wa mashine, mama yake akiongoza kitambaa.

Lakini Alunguli ilibaki na kitu. Mkubwa yeyote akiazima mbuzi akamsahau, au baiskeli, au mlango, wanawake hupita mbele ya nyumba yake wakipiga makofi kwa mapigo yale ya mapipa, bila neno hata moja. Mara nyingi mbuzi hutoka kabla hawajafika kona.

Siku moja mteja mgeni, bibi arusi, alisikia makofi hayo yakipita njiani, akauliza ni ya nini. Akasimuliwa.

"Kumbe ile orchestre njo ilianzia hapa?" akasema. "Na muimbaji wake alikuwa nani?"

Bulaimu akaacha kuzungusha mkono. Akajinyoosha kidogo, akafungua kinywa.

"Ni miye," Mama Sharifa akasema, bila kuinua macho kwenye mshono. "Zungusha, mwanangu."

Akazungusha.